Mama Mkwe Asiyesema Baki

Binamu yangu Kinue hakuwa mtu wa kutaka kitu. Ukimuuliza chai au kahawa, atakuuliza wewe unatengeneza ipi. Ukimpeleka kununua viatu, atachukua vile ambavyo muuzaji hatahangaika kupanda ngazi kuvishusha. Daktari alipomuuliza goti linauma kiasi gani, alijibu kwamba anaomba radhi kwa kumpotezea muda. Nimezeeka naye hapa kijijini Kurisawa, nyumba zetu zinatazamana, na mara nyingi nimetamani kumtikisa mabega nimwambie, dada, sema unachotaka japo mara moja, hutakufa.

Lakini ukimkuta kazini utamsamehe. Kila ukiingia mwezi wa kumi na moja, ukuta wa mbele wa nyumba yake hauonekani kwa kaki zilizoning'inizwa kwenye nyuzi, na darini juu ndiyo usiseme. Kaki ni tunda la rangi ya chungwa, na hizi za kwetu zikiwa mbichi hukamata ulimi hadi ukajuta kuwa na mdomo. Uzimenye, uzifunge, uziachie upepo wa mlimani na ukungu unaopanda kutoka mto Tenryu, ndipo zinageuka tamu na kutoa unga mweupe kama sukari. Kinue anamenya kaki tangu alipoolewa. Mumewe alikufa mapema, mama mkwe wake akafuata, akabaki na mwanawe Shuhei, dereva wa lori la mbao, ambaye maneno yake ni machache kuliko ya mamaye. Nyumba ilikuwa kimya hata paka wao alihamia kwangu.

Ndipo akaja Jussara. Hapo mnisifu au mnilaumu mimi, kwa sababu mshenga nilikuwa mimi. Nilifanya kazi miaka mingi mjini Hamamatsu, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na nusu ya wenzangu walikuwa Wabrazili. Kireno nilikiokota humo humo, matusi yake kwanza. Shuhei alipokuja kunitembelea nilimkalisha mezani karibu na Jussara, nikajifanya nina kazi jikoni. Walipooana Jussara alihamia Kurisawa, akajifunza kumenya kaki, na kila akimenya alikuwa akiimba. Kinue hakuwahi kumwambia kwamba anapenda nyimbo zile. Ila siku Jussara alipolala na mafua, nilimkuta Kinue darini ameshika kisu, kaki moja mkononi, ametulia tu hamenyi.

Mimba ilipofika mwezi wa sita, mama yake Jussara akasema anakuja. Bi Zulmira alikuwa mjane wa mji wa Uberaba, mpishi wa vyakula vya kuuza karibu na kituo cha mabasi, na hajawahi kutoka Brazili. Shuhei alikuwa safarini na lori, na Jussara treni yetu ya milimani ilikuwa inamtapisha kwa kona zake. Kwa hiyo tukaenda Kinue na mimi kumpokea uwanja wa ndege wa Nagoya.

Alitoka pale mlangoni mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa koti jekundu, akasoma bango nililoshika, akaacha sanduku lake katikati ya njia na kumkumbatia Kinue. Akambusu shavu hili na lile. Kinue alisimama mikono imenyooka ubavuni, kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Alipoachiwa aliinama sana, akainama tena, kisha akalikimbilia sanduku asije mtu akajikwaa.

"Anaumwa?" Bi Zulmira akaniuliza.

Nikamwambia haumwi, ndivyo alivyo. Nikajua safari itakuwa ndefu.

Kwenye treni Bi Zulmira aliingia na kusalimia behewa zima kwa sauti. Watu wakainamisha vichwa kidogo, wengine wakaendelea kusinzia. Alikaa, akatazama kushoto na kulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Nikamwambia hakuna. Akasema kwao hata kwenye msiba watu huongea zaidi ya hivi, na marehemu mwenyewe hungoja zamu yake. Nilicheka, nikamkanyaga Kinue mguu kwa bahati mbaya, na Kinue akaniomba radhi.

Tulipobadilisha treni pale Toyohashi, Bi Zulmira alikuwa ameshaingia treni ya pili ndipo akapiga kelele kwamba mkoba wake ameuacha kwenye benchi. Tulirudi mbio. Mkoba ulikuwa pale pale, na mbele yake amesimama mwanamke wa makamo ameupa mgongo, kama askari wa zamu. Alipotuona aliinama akaenda zake. Bi Zulmira aliufungua, akakagua kila kitu, akaufunga. Badala ya kufurahi akasema, "Amenisubiri muda wote huu, halafu hataki hata nimjue jina?"

Nikamwambia jina la nini, mkoba si umepata. Hakuridhika na jibu hilo, na nikiwa mkweli, mimi pia sikuridhika.

Treni ya kwetu hupanda bonde polepole, inasimama kila penye vibanda vitatu. Bi Zulmira alitoa mikate midogo ya jibini aliyoibeba toka kwao, akagawa kwa jirani zake. Mzee mmoja mwenye kofia ya mvuvi wa mtoni aliupokea mkate kwa mikono miwili, akaula taratibu huku akitazama dirishani. Nilimwona anahangaika, anapekua mfuko wake, anaufunga, anaufungua. Kabla ya kushuka alikuja akamwekea Bi Zulmira machenza mapajani, akainama, akashuka haraka kama aliyeponea chupuchupu.

"Kwani nilimuuzia?" Bi Zulmira akauliza. "Mimi nilimpa tu. Huku huwezi kumpa mtu kitu kikakaa?"

Muda wote huo Kinue alikuwa anatazama miguu ya mgeni. Bi Zulmira alivaa viatu vya wazi, na milimani kulishaanza kunyesha theluji nyepesi. Kinue alishuka kitini, akapiga magoti kwenye behewa, akabandika vile vipakiti vinavyojitia joto vyenyewe juu ya soksi za mgeni, mguu mmoja, kisha wa pili. Akarudi kukaa. Mimi niliona mapenzi makubwa. Bi Zulmira aliona nesi.

Hapo ndipo aliponisogelea na kunieleza siri yake. Sanduku lake lilikuwa nusu tupu, na nusu ile ilikuwa nafasi ya nguo za Jussara.

"Namchukua binti yangu, Fusae. Azalie kwetu, mikononi mwangu. Na akishafika kwetu, ndipo tutaona kama kuna kurudi. Mtu atalea mtoto wapi? Kwa huyu nguzo?"

"Anasemaje?" Kinue akaniuliza.

"Anasifu milima," nikasema.

Kinue aligeuka, akaiangalia milima kwa makini, akasema anafurahi kwamba mgeni ameipenda.

Nyumbani mambo yalizidi kuharibika kwa jinsi Kinue alivyojitahidi. Aliwapa mama na bintiye chumba kizuri, chenye mikeka mipya, yeye akahamia chumba cha nyuma chenye baridi. Aliwapikia mchele wa mavuno mapya, samaki wa mtoni, achari ya majani, akawawekea kwenye ile meza fupi yenye moto chini na blanketi juu, kisha yeye akaenda kula jikoni akiwa amesimama. Alitaka wawili wale wajipatie muda wao, kwa kuwa hawajaonana siku nyingi. Bi Zulmira alihesabu jambo hilo kama tusi. Alimwambia bintiye kwamba hata mbwa wao kule Uberaba hula karibu na wageni.

Jussara alijaribu kumtetea mama mkwe wake, lakini niliona utetezi wake umeanza kuchoka. Alikuwa na miezi sita ya mimba, mbali na kwao, na mama aliyekuwa anamwimbia nyimbo za utotoni alikuwa amelala pembeni yake. Nani asingechoka.

Jioni ya siku ya tatu Shuhei alirudi, nami nikaitwa kula. Safari hii Bi Zulmira alimshika Kinue mkono akamkalisha mezani kwa nguvu. Alikuwa amejiandaa kwa vita, nilimwona anavyokunja mikono ya blauzi. Akaniambia nitafsiri neno kwa neno, nisipunguze. Akasema anataka kumchukua Jussara akajifungulie Brazili, kwamba mama ni mama, na kwamba hatakubali kukataliwa.

Nilitafsiri. Shuhei aliacha kutafuna. Jussara hakumtazama mumewe wala mama yake, alimtazama Kinue.

Kinue aliweka vijiti chini, akarudi nyuma kidogo kwenye mkeka, akainama hadi paji la uso likagusa mikono yake.

"Tafadhali mchukueni," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Naomba mnitunzie."

Wala hakuwa anaigiza. Kwetu binti hurudi kwa mama yake kuzaa, hasa uzazi wa kwanza, akatunzwa mpaka apate nguvu. Kinue alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba mgeni amekuja kwa ajili hiyo, na wala hakufikiria kwamba kuna mtu anaweza kulipigania jambo lililo wazi hivyo. Tayari alikuwa ametenga kaki nzuri kuliko zote kwa ajili ya safari.

Lakini Bi Zulmira alikuja na upanga akakuta hakuna wa kupigana naye, na hakuna kinachomuudhi mtu kama hicho. Na Jussara alisikia kingine kabisa. Aliinuka polepole, akasema ameshiba, akaenda nyuma ya nyumba kunakofuliwa. Nilimfuata nikamkuta anakunja nguo zilizokuwa bado mbichi.

"Wanasema akufukuzaye hakwambii toka," akaniambia. "Mimi nimeambiwa kabisa, shangazi. Tena kwa kuinamiwa."

Nikamwambia hujaelewa. Akasema miaka minne amejaribu kuelewa, na sasa amechoka kumsoma mtu kama barua isiyo na maandishi. Kama Mama Kinue angesema hata mara moja, baki, au rudi, au nitakukosa, angeenda akarudi mbio. Lakini kurudi kwa mtu asiyekutaka, kuna maana gani? Alilia, na mimi nilikasirika hadi masikio yakawa moto, ila sikujua nimkasirikie nani.

Asubuhi nilipanda darini kwa Kinue bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa chini ya nyuzi za kaki, anamenya. Nikamwambia yote aliyosema Jussara, na lile la Bi Zulmira pia, kwamba akishamfikisha kwao huenda asimrudishe. Nikamwambia unampoteza mkweo na mjukuu wako kwa adabu, dada, na adabu haibebi mtoto mgongoni.

Kinue hakuacha kumenya. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Fusae, unakumbuka mwaka wa kumzaa Shuhei?"

Nilikumbuka kwamba ulikuwa msimu mkubwa wa kaki, basi. Kinue akanieleza ambayo hakuwahi kunieleza. Mama yake, ng'ambo ya mlima, alikuwa ameshamwandalia chumba, ameshona nepi, ameweka na mkaa. Mama mkwe wake akauliza swali moja tu, kwamba nani atamenya. Kinue akabaki. Alimzaa Shuhei katika chumba kile kile cha nyuma, na theluji ikafunga njia ya mlimani, na mama yake akashikwa na homa ya mapafu. Theluji ilipoyeyuka alikuwa ameshazikwa. Hakumwona mjukuu wake.

"Nilijiapiza," Kinue akasema. "Mtoto wa mwenzangu sitamwambia baki. Nikimwambia, atabaki. Jussara ana moyo laini, atabaki kwa ajili yangu. Halafu mama yake je?"

Nilikuwa nimepanda na maneno mengi makali, yote yakaniishia. Nilikaa chini, nikachukua kisu cha pili, nikamenya kaki moja vibaya sana.

"Hukumwambia baki, na ulifanya vizuri," nikamwambia mwishowe. "Lakini kumwambia arudi si kumzuia. Mama mkwe wako marehemu alikuzuia kwa sababu alitaka mmenyaji. Wewe unamtaka kwa sababu gani?"

Mikono yake ilikuwa imeganda kwa utomvu wa kaki. Aliweka kisu chini, akajifuta macho kwa kiwiko, na nikaogopa, maana sijamwona Kinue akilia hata siku ya mazishi ya mumewe.

"Anapoimba," akasema, "nasahau kwamba nimezeeka."

"Basi kamwambie huyo mtoto. Mimi nikijua inanisaidia nini?"

Hakuniruhusu hata nimshike mkono kushuka ngazi. Alishuka na utomvu wake mikononi, na aproni yake chakavu, hadi chumba kizuri, ambako Bi Zulmira alikuwa anapanga nguo za bintiye sandukuni. Jussara alikuwa amekaa dirishani. Kinue alipiga magoti mlangoni, na nikadhani ataomba radhi, kwa kuwa ndivyo anavyoanza kila kitu.

"Jussara," akasema. "Nenda kwa mama yako. Ukazae vizuri, upumzike vizuri. Halafu urudi. Nataka urudi. Shuhei atakuja siku ya kuzaa, lakini kuwachukua nitakuja mimi mwenyewe."

Jussara alimtazama kana kwamba meza imezungumza. "Mama, wewe hujawahi kupanda ndege."

"Nitapanda."

"Ni karibu siku mbili, Mama. Unaogopa hata lifti."

"Nitaogopa huku nimekaa," Kinue akasema.

Bi Zulmira alikuwa amesimama na sketi mkononi, anatuangalia kwa zamu, anataka kujua kuna nini. Nikamtafsiria neno kwa neno kama alivyoniagiza, sikupunguza. Nikamwongezea na habari ya mama wa Kinue na theluji, ingawa sikutumwa. Akaiweka ile sketi chini mkekani. Halafu akafinya macho, maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaniambia, "Muulize. Hiyo ni kweli, au ni adabu?"

Nikamuuliza. Kinue alifikiri kidogo.

"Mwambie adabu ilikuwa jana," akasema.

Bi Zulmira alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Jussara alikuja akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, tumbo limemtangulia, akamkumbatia. Kinue hakujua aiweke wapi ile mikono yenye utomvu, akaiinua juu hewani kama mtu aliyetekwa nyara, kisha akaishusha mgongoni kwa Jussara, na sweta aliyovaa haikutakata tena. Kuanzia siku hiyo hadi siku ya kuondoka walikula wote mezani. Bi Zulmira alifundishwa kumenya. Alimenya nene, anapoteza nusu ya tunda, na Kinue alimwambia waziwazi kwamba anaharibu mali. Bi Zulmira aliponisikia natafsiri, alifurahi kuliko kama angesifiwa.

Waliondoka theluji ilipokuwa inaanza kushika. Mwezi wa tatu Shuhei alikwenda, akarudi na picha ya mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, na maneno manne ya kuieleza. Kinue aliiweka picha jikoni, kila mgeni akaonyeshwa, na goti alilokataa kumsumbulia daktari akalipeleka mwenyewe kutibiwa, kwamba ana safari.

Mimi nilikwenda naye kama mkalimani. Angani hakulala. Alinishika mkono kila ndege ilipotikisika, akawaomba radhi waliokaa nyuma kwa kutikisika kule. Baada ya chakula cha kwanza akaniambia nimfundishe sentensi moja ya Kireno. Nilidhani atataka asante, au samahani, nikaanza kumtajia. Akakataa zote mbili, akaninong'oneza anayoitaka. Aliirudia hadi kijana aliyekaa pembeni yake, Mbrazili, akaanza kumsahihisha matamshi, na tulipotua alikuwa anaisema vizuri kuliko mimi.

Nyumba ya Bi Zulmira ilijaa watu hadi barabarani, mashangazi, majirani, na wateja wake wa kituo cha mabasi. Kila mmoja alimkumbatia Kinue. Alipita mikononi mwao kofia imekwenda upande, amechoka, mdogo katikati ya watu wote wale. Mwisho wa safu alikuwa Bi Zulmira, na nyuma yake, mlangoni, Jussara amembeba mtoto.

Kinue alirekebisha kofia yake. Aliinama, akasimama wima, akamtazama mwenzake usoni.

"Nimekuja kuwachukua watu wangu," akasema kwa Kireno.

Bi Zulmira alijifuta macho kwa aproni, akamshika Kinue bega, akageukia kwangu.

"Mwambie ni wake, hakuna anayebisha," akasema. "Ila hawatoki humu kabla hajala."